Logi Haina Kazi? Kamuulize Aliyeuza Butura

Ukitaka kushangiliwa kwenye kikao cha wazazi, popote kuanzia Kashai hadi Kamachumu, simama useme kwamba watoto wetu wanapotezewa muda na logi. Makofi utayapata. Atainuka mzee mwenye duka aseme amefanya biashara maisha yake yote na hajaona mteja aliyemuuliza logi ya 2 ni ngapi. Kijana wa chuo atadakia kwamba simu inafanya hesabu zote. Mwalimu aliyechoka, ambaye anajua ni wangapi darasani mwake wanaofeli Hisabati, atanyamaza, na kunyamaza kwake kutahesabiwa kuwa kura ya ndiyo. Kikao kitaendelea na ajenda ya chakula cha mchana.

Katika mkoa unaotaniwa nchi nzima kwa nshomile, yaani kujiona msomi, ajabu ni jinsi hoja hiyo inavyopita bila kuulizwa swali hata moja. Ina miguu miwili. Mguu wa kwanza: logi iliundwa ili kurahisisha kuzidisha, na kikokotoo kimeimaliza kazi hiyo. Mguu wa pili: mtu wa kawaida, mwenye kibanja chake, migomba yake na mibuni yake, hakutani na logi mpaka anazikwa. Mguu wa kwanza ni nusu ya ukweli. Wa pili ni uongo, na hapa Kagera ni uongo unaowagharimu watu fedha.

Nianze na ile nusu ya ukweli, maana sipendi kubishania kisichobishaniwa. John Napier wa Scotland alipochapisha majedwali yake mwaka 1614, shida iliyomsumbua ilikuwa ya watu waliokuwa wakipiga hesabu za nyota na za safari za baharini: kuzidisha namba ndefu kwa mkono, usiku kucha, na kukosea. Logi ilimwezesha mtu kujumlisha badala ya kuzidisha. Henry Briggs akaijenga juu ya namba kumi, na kwa zaidi ya miaka 300 kijitabu cha majedwali kikawa silaha ya mhandisi, nahodha na mwanafunzi. Kazi hiyo imekwisha. Vikokotoo vya elektroniki viliizika miaka ya 1970, na sioni sababu ya kuweka matanga. Mtoto wa kidato cha pili anayetumia vipindi viwili kusaka logi ya 0.0347 jedwalini, akipigana na ile “baa mbili” asiyojua imetoka wapi, ili mwishowe azidishe namba mbili ambazo simu ya mama yake ingezizidisha kabla hajafumba jicho, mtoto huyo anadhulumiwa. Hapo niko pamoja na wanaopiga makofi.

Ila logi ilipewa kazi ya pili. Leonhard Euler, katika kitabu chake cha mwaka 1748, aliieleza waziwazi kuwa ni kipeo: kumi ipandishwe kipeo gani ili tupate 2? Jibu ni 0.3010, na hiyo ndiyo logi ya 2. Basi. Tangu hapo logi ni namna ya kukamata namba iliyojificha juu, kwenye kipeo, na kuishusha chini tuione. Kazi hiyo hakuna kikokotoo kilichoifuta. Chukua simu janja, fungua kikokotoo, ilaze simu ubavu utazame vitufe vinavyojitokeza. Kimoja kimeandikwa log, kingine ln. Chombo kinachodaiwa kuiua logi kimepewa kitufe cha kuitunza, kwa kuwa waliokitengeneza wanajua kuna maswali ambayo kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya hayayafikii.

Maswali hayo mengi huanza na neno “lini”. Kitu kinachoongezeka kwa kujizidisha, kama deni linalozaa riba juu ya riba, watu wanaozaa watu au ugonjwa unaoambukizana, huuweka muda wake juu, kwenye kipeo. Ukiuliza kitakuwa kiasi gani baada ya miezi sita, utazidisha tu. Ukiuliza kitafika kiasi fulani lini, kuzidisha kutakuacha ukipapasa. Na “lini” ndilo swali la mdaiwa. Mdai huwa analo jibu tayari.

Sasa twende shambani. Msomaji wa Bukoba na Muleba simfundishi butura ni nini, lakini wa kwingine ajue kwamba ni kuuza kahawa ikingali mtini, pengine bado ni maua, kwa bei ya shida. Viongozi wa serikali wameipiga marufuku mara kwa mara, na kila wakiipiga marufuku inahamia uani. Chukua mfano. Januari mkulima anahitaji shilingi 100,000 za sare, madaftari na michango ya shule. Mnunuzi anampa, kwa mapatano kwamba Juni atachukua gunia la maganda ambalo kwa bei ya siku hiyo litakuwa na thamani ya 200,000. Namba nimezichagua ziwe nyepesi. Muundo wa mapatano sikuutunga mimi.

Kijijini mapatano hayo yanaitwa mauzo. Kwa hesabu ni mkopo, na riba yake haikuandikwa popote. Tuiandike sisi. Laki moja imezidishwa na kiwango fulani, tukiite k, kila mwezi, mara tano, ikawa laki mbili. Yaani k⁵ = 2. Chukua logi ya pande zote mbili: tano mara logi ya k ni logi ya 2, ambayo ni 0.3010. Gawanya kwa tano, logi ya k ni 0.0602, na namba yenye logi hiyo ni 1.149 hivi. Riba ni asilimia 14.9 kwa mwezi. Kwa mwaka? Zidisha 0.0602 kwa 12, upate 0.7224, namba yenye logi hiyo ni 5.28. Laki moja ingekuwa 528,000, riba ya asilimia 428.

Asiye na logi hugawanya. Asilimia 100 kwa miezi mitano, anasema, ni asilimia 20 kwa mwezi, mara 12 ni 240 kwa mwaka. Ametia chumvi mwezi, kisha akaupunja mwaka karibu nusu. Na huyo ndiye aliyejitahidi. Walio wengi hawahesabu kabisa, kwa kuwa wameambiwa ni mauzo.

Weka sasa kando yake kiwango kinachojulikana. Benki Kuu inawataka watoa mikopo wa daraja la pili, wale walio chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wasizidishe riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Butura ya mfano wetu ni zaidi ya mara nne ya hapo. Haionekani kuwa riba kwa sababu imevaa gunia. Ofisa ushirika anayesimama mkutanoni Nshamba kuwaambia wakulima “butura ni mbaya” anatoa mawaidha, na mawaidha tumeyasikia tangu enzi za babu zetu. Angewaambia “umekopa kwa asilimia 428 kwa mwaka”, mkutano ungenyamaza. Namba hiyo haipatikani kwa mawaidha.

Najua mjuzi atanikatiza hapa: kipeuo cha tano cha 2 kinatosha, logi ya nini? Sawa, bwana mjuzi. Mvua zikichelewa, kahawa isiive Juni, mnunuzi akasema deni linaendelea kwa kasi ileile, niambie litafika laki tatu lini. Mlinganyo ni 1.149ⁿ = 3, na kisichojulikana kimepanda juu. Kipeuo chako hakina pa kushika. Logi ya 3 ni 0.4771, gawanya kwa 0.0602, upate 7.9. Mwanzoni mwa Septemba gunia moja na nusu limekwisha kwenda.

Wapinzani wangu wenye akili zaidi hawabishi hivyo. Wao husema: mikopo yetu ni ya VICOBA, na riba ya huko ni bapa, unakopa laki moja, unarudisha laki moja na elfu kumi, hakuna riba inayozaa riba, kwa hiyo hakuna kipeo wala logi. Hoja hii naiheshimu kwa kuwa ni kweli. Riba ikiwa bapa, kugawanya kunatosha, na anayemfundisha mama wa VICOBA logi kwa ajili ya mkopo wa namna hiyo anamsumbua bure. Lakini mama huyohuyo akishindwa kurejesha, akaenda kwa wakopeshaji wa “kausha damu”, na mwezi ukiisha riba aliyoshindwa kulipa ikaunganishwa na deni, amevuka mto bila kujua. Mkopo wa 100,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi, riba ikiwa bapa, utafika milioni moja baada ya miezi 45. Riba ikizaa riba, mlinganyo ni 1.2ⁿ = 10; logi ya 10 ni 1, logi ya 1.2 ni 0.0792, gawanya: miezi 12 na nusu na kidogo. Karibu miaka minne upande mmoja, mwaka na siku chache upande wa pili, na karatasi zote mbili zimeandikwa “asilimia 20”.

Kuna jambo ndani ya hesabu hiyo ambalo kwangu linatosha peke yake kuibakiza logi darasani. Uliza deni hilo litakuwa maradufu lini. Jibu ni logi ya 2 kugawanya kwa logi ya 1.2: miezi 3.8. Tazama kilichokosekana katika jibu. Kiasi cha mkopo hakimo! Aliyekopa elfu hamsini za dawa na aliyekopa milioni tano za kujenga watafikia maradufu siku moja. “Nimekopa kidogo tu” haina maana yoyote mbele ya mlinganyo huu. Kinachoamua ni kiwango na muda. Hata ile asilimia 3.5 halali, ikiachwa ijilimbikize, hufikia maradufu kwa miezi 20 hivi. Mtu anaweza kubonyeza simu mara mia, akizidisha na kuzidisha tena, akapata jibu la deni lake na asilione jambo hili. Logi inalionyesha kabla hujaweka shilingi yoyote kwenye hesabu.

Kubonyeza mara kwa mara, hata hivyo, sikudharau. Mwanafunzi anayezidisha 1.2 kwa 1.2 kwenye kiswaswadu, akihesabu kwa vidole mpaka apite 10, ameanza vizuri kuliko aliyefunguliwa jedwali. Wala sina ugomvi na wafanyabiashara wanaotumia kanuni ya 72, ile ya kugawanya 72 kwa asilimia ya riba ili kujua muda wa maradufu. Wajue tu kwamba kanuni hiyo ni logi iliyonyolewa ndevu, na kwamba riba ikipanda inaanza kudanganya: kwa asilimia 30 inasema miezi 2.4, logi inasema 2.6, kwa asilimia 100 inasema siku 22, wakati mtoto yeyote anaona ni mwezi mzima.

Kutoka kwenye madeni twende kwenye ardhi, kwa kuwa kibanja ndicho kinachogawanywa kila baba akifa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 540,310 wilayani Muleba. Ya mwaka 2022 ikahesabu 637,659. Wameongezeka kwa asilimia 18 katika miaka kumi. Watakuwa maradufu lini, kasi hiyo ikiendelea? Diwani atagawanya: asilimia 1.8 kwa mwaka, basi miaka 55 na ushee. Amekosea, na kosa lake si dogo. Uwiano wa sensa mbili ni 1.180, logi yake 0.0719 kwa miaka kumi, 0.3010 gawanya kwa 0.00719 ni miaka 42. Tofauti ya miaka 13. Diwani huyo amechelewesha shule, zahanati na visima kwa muda unaotosha mtoto kuzaliwa na kumaliza darasa la saba. Kwa nchi nzima, sensa hizohizo zinatoa 44,928,923 na 61,741,120, na hesabu ileile inaleta maradufu ndani ya miaka 22 tu. Muleba, ambayo watu wake wamezoea kuhama kwenda kutafuta maisha kwingine, inakwenda polepole kuliko taifa, na bado vibanja havitoshi.

Hapo mpinzani atasema: hesabu za vitabuni hizo, maisha hayafuati mstari wa mwalimu. Kweli hayafuati, na Muleba yenyewe imetupa mfano bora kuliko wowote ninaoujua. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, walioshikwa walikuwa 95 kati ya 159. Waliposambazwa makwao, ule ugonjwa wa kucheka, ambao madaktari Rankin na Philip waliuandika mwaka uliofuata, ukaingia Nshamba na kuwapata watu 217. Weka logi: 95 kwa 3 ni 31.7, logi yake 1.50, siku zilizopita ni 47. Tukidhani kasi ilikuwa moja, idadi ilikuwa maradufu kila baada ya siku tisa na nusu hivi. Endelea hatua moja mbele: siku tisa na nusu nyingine, wagonjwa 190. Shule ina wanafunzi 159! Mlinganyo umejigonga ukutani, na anayeujua anaona ukuta ulipo. Kwa hiyo anayejua logi ndiye anayeweza kusema “hapa kasi hii haiwezi kuendelea”, na kutaja tarehe. Asiyeijua hubaki na mawili: kusema hakuna tatizo, au kusema tumekwisha.

Tetemeko nitalitaja kwa ufupi, kwa kuwa walioathirika hawahitaji kukumbushwa na mimi. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ya Kagera ilitikisika kwa kipimo cha 5.9, watu wasiopungua 17 wakafa, majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato yakaharibika kiasi cha kufungwa. Ile 5.9 ni namba ya logi. Tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005 lilikuwa 6.8, na wengi wakisikia hivyo huona limezidi kidogo, kama mtu wa futi sita na mwenye futi saba. Kwa nishati iliyofunguliwa lilizidi mara 22 hivi. Mkoa uliokwisha kutikiswa unajenga upya nyumba zake kwa kusikiliza namba hizo redioni, na tunaambiana hazituhusu.

Imebaki hoja moja, na ndiyo inayouma: watoto wenyewe hawajui kugawanya, utawapaje logi? Nakubali tatizo, nakataa dawa. Kwa miaka mingi walio wengi wanafeli Hisabati ya kidato cha nne. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba anakutana na logi kwa Kiingereza, kupitia jedwali, bila kuambiwa ni jibu la swali gani. Mtihani wenyewe kwa muda mrefu umekuwa ukiruhusu majedwali na kukataza vikokotoo, kwa hiyo mwalimu hufundisha kusoma jedwali, na mwanafunzi huhitimu akiamini logi ni safu za tarakimu ndogondogo. Kisha mlinganyo wa vipeo, ambao ndio moyo wa mambo, huachwa mwisho wa mada, muda ukitosha. Anayetaka kufuta chochote aanze na mpangilio huo. Mtoto akianza na deni la kausha damu, akazidisha mpaka achoke, kisha akaonyeshwa kwamba kuna njia ya mstari mmoja, kugawanya 1 kwa 0.0792 hakutamshinda kwa sababu atakuwa anataka kujua jibu. Na akishindwa, angalau ameshindwa akiwa anatafuta kitu.

Wala tusidanganyane kwamba logi ikiondolewa vijijini itakuwa imeondoka duniani. Shule za kulipia zitaendelea kuifundisha, wanaotunga mikopo wataendelea kuitumia, na programu za kukopesha kwenye simu zinaipiga kila sekunde. Kitakachobadilika ni upande mmoja tu wa meza.

Walimu wa Hisabati wa Bukoba na Muleba hawana haja ya kusubiri mtaala mwingine. Mada ya logi ikifika, jedwali likae kabatini wiki ya kwanza. Kwenye jaribio la mwisho wa mada wekeni swali la butura: fedha zilizotolewa Januari, bei ya gunia Juni, na riba ya mwaka itafutwe kwa asilimia. Karatasi hiyo iende nyumbani, wazazi waione.